Pumzi ya Jumapili

Mashine ile ina ukubwa wa simu ndogo na mdomo wa plastiki mweupe. Kila asubuhi kabla ya chai mama husimama nayo jikoni, mkono mmoja ukishika ukingo wa sinki, huvuta hewa mpaka mabega yanapanda, kisha huitoa yote kwa nguvu mpaka macho yanamtoka. Mashine hulia mlio mmoja mfupi. Kipimo kinaingia kwenye simu yake, na kutoka hapo kinakwenda hospitali. Tangu alipowekewa mapafu ya mtu mwingine, hiyo ndiyo salamu ya nyumba yetu. Wengine huulizana wameamkaje. Mimi huuliza, "Umepuliza?"

Jumatatu moja mwishoni mwa majira ya baridi nilikuwa juu natafuta soksi. Nilisikia mlio ule mfupi, halafu mwingine mrefu ambao sikuwahi kuusikia. Nikashuka ngazi miguu mitupu. Kwenye simu ya mama, mstari ambao kwa miezi mingi ulikuwa wa kijani ulikuwa umegeuka mwekundu na kuelekea chini.

"Inasema nini?" mama akauliza.

"Inasema upulize tena."

Haikusema hivyo. Ilisema pumzi yake imeshuka sana ikilinganishwa na pumzi yake bora, na kwamba apige simu kwa timu ya upandikizaji. Akapuliza tena. Nyekundu. Akapumzika, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akapuliza mara ya tatu. Nyekundu ileile.

"Itakuwa betri," akasema, akaiweka mezani na kuanza kukata mkate.

Mimi nilibaki nimeishika simu. Nina tabia ambayo mama huiita ugonjwa wangu mwenyewe: jambo likiwa moja, mimi hulifanya kumi. Mtu akichelewa kujibu ujumbe wangu, nimeshamzika na kuchagua nguo za kuvaa msibani. Mwaka uliotangulia nilimaliza shahada ya sayansi ya tiba, na elimu ile haikunipa kazi ya maabara niliyoitaka. Ilinipa majina ya vitu vya kuogopa. Wikendi nilikuwa nafungasha vifurushi kwenye ghala moja mtaa wa Washwood Heath, karibu na nyumbani. Siku nyingine nilituma maombi ya kazi na kumwangalia mama.

Ugonjwa wake wa kwanza madaktari waliuita kwa jina refu. Mama aliuita kukauka, na ndivyo ilivyokuwa: nyama laini ya mapafu iligeuka kovu, kidogo kidogo, hadi hakuweza kupanda ngazi za nyumba yetu bila kukaa katikati. Kisha siku moja hospitali ikapiga simu. Mtu fulani alikuwa amefariki, na familia yake ilikuwa imekubali. Hatujui ni nani, mwanamume au mwanamke, wa mji gani. Mama humsalimia kila asubuhi kabla ya kupuliza, kwa Kiswahili cha kwetu Uvira, Kongo, maana anasema hata akiwa Mwingereza atakuwa ameshakizoea.

Nilipiga simu hospitali. Muuguzi wa timu aliuliza maswali mengi: ana homa, anakohoa, amekosa dawa hata mara moja, ameongeza uzito. Hapana, kidogo, hapana, hapana. Akasema tuje Jumatano.

Muda wote wa kungoja nilisoma. Nilisoma kwenye basi, nilisoma nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa bafu, maji yakimwagika ili mama adhani naoga. Nilichokuwa nakitafuta nilikijua tangu dakika ya kwanza, na nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia kwamba sicho.

Kila chembe ya mwili hubeba juu yake alama, mfano wa sare ya shule, na chembe nyeupe za damu hupita huku na huku zikizikagua. Mapafu ya mama yana sare ya shule nyingine. Dawa anazokunywa asubuhi na jioni huzifumba macho chembe hizo, lakini si kabisa, kwa sababu zikifumbwa kabisa hata mafua ya kawaida yatamwangusha. Mwili ukikataa kwa ghafla, madaktari wana dawa kali na mara nyingi hufanikiwa. Kukataa nilikokuogopa mimi ni kwingine, kwa polepole. Kuna chembe zinazojifunza ile sare ngeni mpaka zikaikariri, zikaanza kutengeneza kingamwili zake maalumu. Kingamwili hizo hunata kwenye kuta za mishipa ya mapafu. Panapoumia mwili hujiponya, na panapoumia tena hujiponya tena, kupita kiasi, mpaka vijia vyembamba vya hewa vinazibwa na kovu. Na kovu likishakaa halirudi kuwa nyama. Mama angekauka mara ya pili, safari hii kwa mapafu ya marehemu.

Nilitafuta pia dalili za kuugundua ugonjwa huo mapema, katika damu, kabla ya pumzi kushuka. Zipo. Wanapima zile kingamwili. Wanaosha kipande cha pafu kwa maji ya chumvi na kusoma protini za uvimbe zinazotoka nayo. Wanapima hata vipande vya vinasaba vya yule aliyetoa mapafu, kwa kuwa chembe za mapafu zinapokufa huvimwaga kwenye damu. Hilo lilinikaa kichwani. Ndani ya damu ya mama kulikuwa na vipande vya mtu tusiyemjua, na kadiri anavyoonekana zaidi ndivyo habari inavyokuwa mbaya zaidi.

Lakini kila nilipofika mwisho wa makala nilikuta ukuta uleule. Dalili hizi husema kuna kitu kinaendelea. Mara nyingi hazisemi ni kitu gani. Maambukizi huzipandisha. Mafua huzipandisha. Na hata mafua yakipita, yanaweza kuwa yameshaziamsha zile chembe zilizofumbwa macho, zikageukia mapafu. Kumpa mtu kama mimi kipimo kisicho na jibu moja ni kumwachia mlevi funguo za baa.

Nikaanza kumtafuta mkosaji ndani ya nyumba. Nilishuku vumbi la ujenzi wa reli kule ng'ambo ya mtaa. Nilishuku ukungu mweusi kwenye pembe ya bafu, nikausugua kwa mswaki wa zamani mpaka rangi ya ukuta ikatoka. Halafu nikajishuku mimi, ninayetoka ghalani na kikohozi cha wenzangu kwenye nguo, nikawa navua koti nje ya mlango na kuingia nikitetemeka.

"Majirani watasema nakufukuza," mama akasema.

Jumanne alikuja mama mdogo, ndugu yake mama anayekaa mtaa wa Alum Rock, amebeba sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, iliyofungwa kwa kitambaa. Mama mdogo ni sauti ya kwanza ya kwaya kanisani kwao. Akicheka jikoni, vikombe hujibu kabatini. Siku hiyo sauti ilikuwa na mkwaruzo. Alisema ni mazoezi ya kwaya.

"Yaya, uko namna gani?" Kwetu dada mkubwa ni yaya, hata akiwa amemzidi mtu mwaka mmoja.

"Niko tu."

"Na mashini iko wapi leo?"

Mama alikuwa ameshaisukuma ndani ya droo ya vijiko kabla swali halijaisha. "Iko inachaji," akasema, na macho yake yakakwepa yangu.

Nilidhani nimeelewa. Nilidhani anamficha mdogo wake ugonjwa, nikamwonea huruma, nikaingiza mazungumzo ya bei ya unga wa muhogo.

Jumatano tulifika hospitali mapema mno, kwa sababu yangu. Kwenye chumba cha kungojea alikuwepo mzee mmoja wa Kihindi, amevaa sweta la kijivu, mrija wa oksijeni puani na mtungi mdogo kwenye kigari kando ya mguu wake. Alitusikiliza kidogo, kisha akageuka.

"Mama, hicho Kiswahili chako ni cha Kongo."

"Na weye unakisikia wapi?"

"Nimezaliwa Kisumu. Bado naota kwa Kiswahili, mke wangu analalamika." Akagonga kifua chake kwa kidole. "Hapa ndani nilipewa kijana. Kifua cha kijana, lakini magoti ni yaleyale ya zamani. Kijana anataka kukimbia, magoti yanasema ngoja kwanza."

Mama alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile mimi nilikipima: ni kikavu, si kikavu, kimetoka juu, kimetoka chini.

"Na oksijeni?" mama akauliza. Mimi nisingethubutu.

"Kijana ameanza kuchoka na mimi," akasema. "Mwili wangu unamkataa polepole. Mwaka wa pili sasa. Wameniambia hawawezi kurudisha kilichokwenda, wanajaribu kukilinda kilichobaki." Akatazama mlango wa vipimo. "Lakini chai ya hapa ni mbaya vilevile, kwa hiyo najua bado niko hai."

Nilimtazama mama. Nilikuwa nimemficha neno lile kwa siku mbili, na mtu asiyemjua alikuwa amemwekea mapajani kama gazeti. Mama aliinamisha kichwa tu, akamwambia, "Pole, baba," naye akasema ameshapoa. Kisha wakamwita mama.

Walimweka ndani ya kibanda cha kioo, wakambana pua kwa kibanio, wakamwambia apulize. Nje ya kioo nilijikuta navuta hewa pamoja naye na kuitoa pamoja naye, mpaka fundi wa vipimo akaniuliza kama naumwa. Hakuniambia kipimo. Alisema muuguzi ataeleza.

Muuguzi alikuwa mwanamke mtaratibu mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi. Mara zote nilikuwa mkalimani wa mama. Siku hiyo alisema, kwa upole, kwamba kwa mazungumzo ya aina hii wanapendelea mtu asiye wa familia. Aliweka simu katikati ya meza, na sauti ya kiume ikajitambulisha kuwa ni mkalimani. Kilikuwa Kiswahili safi, kilichopigwa pasi.

Mama akaniinamia. "Huyu anasema sawa vile anasoma habari."

"Hatuna budi kuzungumzia uwezekano," sauti ikasema, ikimfuata muuguzi, "kwamba mwili wako umeanza kuyakataa mapafu uliyopandikizwa, kwa ukataaji wa muda mrefu, ambao kwa kawaida hauna marejeo."

Nilitazama sakafu. Nilingoja mama aulize nini maana yake. Hakuuliza.

"Minajua," akasema. "Tangu Jumatatu minajua. Huyu mtoto wangu ameoga mara ine kwa siku na nywele hazijalowa." Kisha akamtazama muuguzi. "Muulize: ni mapafu yananikataa, ao ni mimi njo ninayakataa?" Njo ni ndiyo ya kwetu.

Mkalimani alitafsiri. Muuguzi akajibu kwamba ni mwili wake, kinga yake, ila si kwa kutaka kwake.

"Sawa. Basi aandike kwamba mimi sijamukataa," mama akasema.

Muuguzi akageuza kompyuta yake tuione. Mistari miwili ilikuwa pale. Mmoja ni wa vipimo vya nyumbani. Alisema kuna kitu asichokielewa. Asubuhi zote pumzi ya mama ilikuwa mahali pamoja, ikipanda kidogo na kushuka kidogo. Lakini Jumapili mchana, kwa wiki kadhaa, mashine ilipulizwa mara nyingi mfululizo, na vipimo viliruka kama mbuzi. Wiki tatu zilizopita vilikuwa juu kidogo tu. Jumapili iliyopita kimoja kilikuwa kikubwa kiasi kwamba mashine ilikipokea kama pumzi mpya bora ya mama, na kesho yake ikamlinganisha nacho na kupiga kelele.

"Hii," muuguzi akasema, kalamu yake ikigusa kilele, "ni pumzi ya mtu anayeogelea kila siku. Nani alipuliza?"

Mkalimani alitafsiri. Mama alifungua mkoba wake, akaufunga.

"Hallo?" simu ikasema. "Bado mpo?"

"Tuko," mama akasema. "Ni wageni."

Mimi Jumapili huwa ghalani. Sikuwahi kuiona Jumapili ya nyumba yetu tangu nianze kazi. Mama aliieleza akiutazama mkoba: kwamba baada ya ibada watu wa kanisa huja kumsalimia mgonjwa, kama inavyotakiwa; kwamba siku moja mdogo wake alitaka kuona mashine inavyofanya kazi, akapuliza, mashine ikalia, watu wakacheka; kwamba mzee wa kanisa naye akaomba, na mke wake, na dereva aliyewaleta. Baada ya hapo kila Jumapili, kabla ya chakula, mashine ilizunguka sebuleni toka mkono hadi mkono, watu wakishindana. Mtu hawezi kuwa na kitu mezani mbele ya wageni akakitumia peke yake. Jumapili iliyopita kwaya nzima ya wanawake ilikuja, na mama mdogo akapuliza mara ya mwisho, akashangiliwa.

"Na ule mdomo wa plastiki?" muuguzi akauliza.

"Nilikuwa nausafisha na maji ya moto," mama akasema. "Wakishaenda."

Nilihisi vitu viwili kwa wakati mmoja na sikujua kipi kinishike. Cha kwanza kilikuwa nafuu, nafuu kubwa ya kutaka kucheka: si mama aliyeshuka, ni mama mdogo wa kwaya aliyepanda. Cha pili kilifika kabla kicheko hakijatoka. Vinywa vyote vile. Kila kikohozi cha kanisa zima, kwa mwanamke ambaye kinga yake tunaifumba macho kwa dawa kila asubuhi na jioni. Na mkwaruzo wa sauti ya mama mdogo.

Muuguzi hakucheka wala hakukaripia. Aligeukia mstari wa pili, vipimo vilivyofanyika pale hospitali tu, kwenye kibanda cha kioo. Hapo hakuna mgeni aliyewahi kupuliza. Kipimo cha leo kilikuwa chini ya kile cha mara ya mwisho. Si kwa kiasi kile simu ilichotutishia, lakini kwa kiasi ambacho hawezi kukiacha kipite. Inaweza kuwa virusi. Inaweza kuwa mwanzo wa kile kingine. Inaweza kuwa kimoja kinachokaribisha kingine. Wangechukua damu watafute kingamwili dhidi ya mapafu yale, wangepitisha pamba puani na kooni watafute virusi, na kesho yake wangeingiza kamera kifuani wayaoshe na kuchukua vinofu vidogo.

"Majibu lini?" nikauliza, kwa Kiingereza, nikimruka mkalimani.

"Wiki ijayo," akasema. Halafu akaongeza, akinitazama mimi, si mama: "Usiyatafute kabla hayajafika."

Kwenye basi tulikaa juu, mbele, mama anapopapenda. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa na sehemu ya virusi, sehemu ya plastiki, na sehemu ya jinsi alivyonificha. Tulipita maduka na foleni ya magari, na hotuba ikakataa kuanza, kwa sababu mama alianza yeye.

"Ile miezi ya kwanza," akasema, "watu walikuwa wanafika kwa mulango tu. Wanaweka chakula chini, wanapiga hatua nyuma, wanasema pole mama kwa mbali. Mumewaambia nisiguswe. Bon, ni kweli. Lakini unajua kukaa kwa nyumba, kila mutu anakuogopa kama moto? Hata mudogo wangu. Alikuwa anavaa ile kitu ya mudomo, analia, sioni kama analia ao anacheka."

Basi lilisimama kituoni, likaondoka.

"Ile mashini njo iliwaingiza ndani. Siku ile alipuliza, alinishika mabega. Watu wote wakakaa. Wakakula. Sikutaka kuwaambia ikomee hapo."

"Ungeniambia mimi, Mama."

"Weye?" Aligeuka akanitazama vizuri. "Weye ungefunga mulango na misumari."

Angekuwa amekosea ningejitetea.

Siku ile ya kamera ilipita. Alitoka amelegea, koo likiuma, akidai wali. Kilichobaki kilikuwa Jumapili. Majibu yalikuwa bado, na wageni wangekuja. Nilibadilishana zamu na mwenzangu mmoja ghalani nikabaki nyumbani. Nilipendekeza tubandike tangazo mlangoni. Nilipendekeza tuseme tumesafiri. Nilipendekeza niwaeleze mimi, kwa mpangilio, na nilikuwa nimeshachora hata mchoro wa chembe nyeupe.

"Kaa chini," mama akasema. "Ni wageni wangu."

Walikuja sita, na baridi ya nje kwenye makoti yao. Mama alikuwa amefungua madirisha yote ya sebuleni na kuvaa barakoa, na viti alivipanga ukutani, mbali na kochi lake. Waliona, wakakaa kimya kimya kama watu waliokuja kortini. Mama mdogo peke yake hakuona, au alijifanya. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ndogo, akainua kitambaa, akatafuta.

"Yaya, mashini?"

"Iko chumbani."

"Niichukue?"

"Hapana. Hamutapuliza tena. Hakuna mutu."

Mama mdogo alibaki na kitambaa mkononi. "Kwa nini? Tumefanya nini?"

"Hospitali wameona pumzi yako ndani ya simu yangu. Wamesema imekuwa kubwa sana, wanauliza kama mimi ni muogeleaji." Mtu mmoja alicheka kidogo kisha akaacha. "Na wameona pumzi yangu inashuka. Yangu, ya kweli. Hawajajua kwa nini. Pengine ni mafua. Pengine mwili umeanza kumukataa huyu mutu."

"Kwa hiyo ni sisi," mama mdogo akasema. "Unatuona tuko wachafu."

"Sijasema hivyo."

"Umefungua madirisha yote. Umetuweka kwa ukuta sawa watoto wa shule."

Nilisimama na mchoro wangu. Mama aliinua mkono bila kunitazama, nikakaa.

"Mudogo wangu," akasema, na pumzi ilimkatika katikati, akangoja, na sisi sote tukangoja naye. Hakuna kitu kirefu kama mtu kungojea pumzi. "Unasikia? Hii sauti imekwisha kwa sababu hewa imekwisha. Wewe una pumzi ya kuimba beti tatu. Mimi niko na hii tu. Nikiigawa inaisha. Nakuomba ukae hapo kwa ukuta, uimbe, mimi nisikie. Usiende nyumbani."

Mama mdogo alikikunja kitambaa mara mbili, akakirudisha mezani, akalinyoosha pindo. Nilidhani ataondoka. Alitazama kiti chake cha ukutani, kisha mlango, kisha akatoka. Tuliisikia milango miwili ikifunguka na kufungwa. Mama hakusogea. Mke wa mzee wa kanisa akaanza kuzungumzia baridi.

Kisha dirisha la sebuleni likapigwa kwa ukucha. Mama mdogo alikuwa kwenye kibaraza, ameegemea kizingiti cha dirisha lililo wazi, koti limefungwa mpaka kidevuni.

"Sauti yangu iko na mafua tangu juzi," akasema, bila kumtazama mtu. "Sikutaka kusema. Nitakaa hapa."

Na akakaa pale. Waliimba hivyo, watano ndani na mmoja nje, na mwanamume wa nyumba ya jirani alitoka na pipa lake la taka akasimama nalo mpaka wimbo ukaisha. Mama alipitisha sahani ya sombe dirishani.

Majibu yalikuja Jumanne. Muuguzi alipiga mwenyewe, na safari hii mama alinipa simu. Walikuta virusi vya mafua vya kawaida, vile ambavyo mimi na wewe tungevimaliza kwa limau na siku mbili kitandani. Mapafu yalikuwa yamevimba. Kingamwili dhidi ya mapafu yale hawakuziona. Kwenye vinofu hawakuona kovu. Nilimuuliza kama hiyo inamaanisha hapana. Alisema inamaanisha sio sasa, kwa walichoweza kukiona. Kwamba wangempa dawa kali za uvimbe kwa muda mfupi, wafute zile pumzi za Jumapili kwenye programu, wapime tena baada ya wiki chache. Nikamuuliza nafasi ni kubwa kiasi gani. Akaniambia kwa upole kwamba hilo hawezi kunipa.

Walipopima tena, pumzi haikuwa imepanda. Ilikuwa imesimama palepale.

"Imesimama," nikamweleza mama nje ya kliniki. "Imeacha kushuka. Ndiyo habari nzuri waliyo nayo."

"Imesimama inangoja nini?"

"Sijui, Mama."

"Basi na ingoje," akasema, akaanza kutembea kuelekea kituo cha basi.

Tumekubaliana kwamba asubuhi nisisimame jikoni. Anasema nikiwa namtazama anapulizia macho yangu. Kwa hiyo hukaa katikati ya ngazi, pale alipokuwa akipumzika zamani, magoti kifuani. Leo nilimsikia akimsalimia mtu wake. Nikamsikia akivuta. Nikasikia mlio mmoja mfupi, na nikangoja ule mrefu, nikaungoja hata baada ya muda wake kupita, nikitengeneza kichwani simu nitakayopiga na maneno nitakayotumia.

Maji yakafunguliwa bombani. Birika likawekwa, swichi ikabonyezwa.

"Shuka, docta," mama akaita. "Utakaa kwa ngazi mpaka lini?"